Geji Inayojizima

Kisumu, 17 Novemba 2024

Baba,

Hiyo siku ulisimama getini na kofia mkononi, mimi nilikuwa nakuona. Dirisha ya chumba ya mashine iko juu, lakini nikipanda kwa ndoo naona geti yote. Nilikuona ukiongea na askari. Nikaona umekaa kwa jiwe, umesimama, umekaa tena. Halafu ukaenda. Jioni askari alinipa maneno yako, akasema mzee amesema mtoto ambaye hawezi kutoka kusalimia baba yake basi amesoma sana. Askari alicheka. Mimi sikucheka kwa sababu unajua nilifika darasa ya sita tu.

Nimeanza bila salamu, nisamehe. Salamu ndio hizi. Mimi ni mzima. Joto ya huku ni mingi, na ile magugu imejaa ziwani mpaka boti zinasukumwa na mti. Salimia Mama, salimia Adongo, mwambie huyo mdogo wangu Fabian ile viatu yangu ameenda nayo aivae tu, nilishanunua ingine. Naandika Kiswahili ndio Adongo akimsomea Mama asikie yote. Na naandika kwa sababu kwa simu unajua mimi husema ndiyo Baba, ndiyo Baba, halafu salio inaisha na sijasema kitu.

Sababu sikutoka ni hii. Hapa kwa kiwanda ya barafu tulikuwa na geji za zamani za mshale, ukipita unaangalia tu. Sasa bosi wetu Navneet ameleta mpya, za namba. Moja inaonyesha presha ya gesi kwa mashine, ingine inaonyesha baridi ya chumba ya barafu. Ziko na waya inaingia kwa kompyuta, na kompyuta inachora mstari. Kuna watu wa kununua samaki wa kupeleka nje, wamesema watachukua barafu yetu kama wataona mstari ya mwezi mzima haijakatika hata mahali moja. Lakini hizo geji ziko na tabia mbaya. Ukikaa kidogo bila kuzibonyeza zinajizima zenyewe, ati zinahurumia betri. Zikijizima mstari unaanguka chini, na mwezi unaanza upya. Navneet amepigia wale walimuuzia huko Nairobi, wanasema watatuma ingine, wanasema kesho, wanasema kesho.

Kwa hivyo mimi nakaa hapo na kubonyeza. Usiku ni Byron. Mchana Byron anaendesha bodaboda, hawezi kunishikia. Navneet alinichagua mimi kwa sababu siongei na sichezi na simu.

Ningetoka hiyo siku ningekata mstari. Umeona.

Wafula, dereva wa lori yetu ya barafu, anapita huko kwenu akienda kwa wavuvi. Atakupea hii. Na wewe ukiandika mpe.

Mtoto wako,
Oluoch

*

Pap Onditi, 1 Desemba 2024

Wuoda Oluoch, kijana yangu,

Salamu kutoka kwangu mimi baba yako Dishon, na kwa mama yako Nakhungu, na wote. Tuko sawa. Kanisa imetupea ile chumba ya watoto wa Sunday School, wiki nzima tunalala, Jumapili tunatoa vitanda nje watoto wasome, jioni tunarudisha. Mama yako anasema watoto wameanza kumwita mwalimu. Mbuzi mbili zimebaki. Ile jogoo nyekundu bado ni mzima, tena ina kiburi.

Kule nyumbani kwetu maji haijatoka. Ziwa imekataa kurudi mahali pake. Fabian alienda na mtumbwi kuona kama mlango bado uko, akapita juu ya kaburi ya nyanya yako, akarudi, hakukula.

Nimesoma maneno ya geji. Sijaelewa kitu kimoja. Hapo Kisumu kote hakuna mtu mwingine ako na kidole?

Mimi sikuja getini kusalimiwa. Nilikuja na neno ambayo haipelekwi na askari. Wazee wa ukoo wamenipa ile mahali ya juu, karibu na soko. Nataka kufungua dala mpya, boma yetu. Wewe umekua kwetu, unajua vile inafanywa. Asubuhi kabla jua, mimi nashika jogoo, mama yako anakuja na moto nyuma, na kijana yangu wa kwanza anashika shoka. Nyumba inajengwa siku hiyo na tunalala ndani siku hiyo. Bila kijana wa kwanza hakuna dala. Mama yako anasema kwao Port Victoria mtu anajenga tu, lakini aliolewa huku na anajua.

Siku tumeweka Jumamosi tarehe kumi na moja Januari. Omba ruhusa kwa huyo Mhindi wako. Uniandikie amesema nini.

Baba yako,
Dishon

*

Kisumu, 29 Desemba 2024

Baba,

Pokea salamu za Krismasi hata kama imepita. Nilikula chapati na askari. Nilituma sukari na Wafula, sijui kama ilifika yote kwa maana Wafula anapenda chai.

Niambie vizuri habari ya Fabian. Na Mama, mguu yake ya zamani inamsumbua na hiyo kubeba vitanda?

Huku kazi imekuwa kazi. Mstari ulifika mbali sana, hata Navneet alianza kuja na chai yake kuiangalia kama mtu anaangalia mpira. Halafu Byron alilala. Alisema hakulala, alisema alifunga macho akiomba. Asubuhi nikakuta mstari umeanguka chini kabisa. Navneet hakupiga kelele. Aliuma kalamu mpaka wino ikamwingia kwa mdomo, akaenda kuosha, akarudi na meno ya buluu akasema tuanze upya. Tukaanza. Siku tano baadaye stima ikapotea, jenereta ikachelewa kushika, kompyuta ikazima. Betri yake ya ndani ilishakufa kitambo. Tukaanza tena.

Baba, sijui kama nitakuelezea vile inakuwa. Unabonyeza, unangoja, unabonyeza. Ukienda choo unakimbia. Namba zenyewe hazifanyi kitu, zinaenda juu kidogo wakati wanafungua mlango wa kutoa barafu, zinarudi. Nimezijua kama sura ya mtu. Lakini sina kazi nazo, kazi yangu ni zisilale. Navneet amesema mwezi ikiisha sawa nitaandikwa kazi ya kudumu, si kibarua tena.

Mwambie Adongo nimeona kitenge ile alisema, nitatuma.

Oluoch

*

Pap Onditi, 4 Januari 2025

Oluoch,

Hatujambo. Sukari ilifika nusu.

Barua yako nimesoma mara mbili nikitafuta jibu. Nimeona habari ya Byron, nimeona meno ya Mhindi, nimeona kitenge. Sijaona kama umeomba ruhusa. Nikamwambia Adongo asome yeye, labda macho yangu ndio mbaya. Yeye pia hajaona.

Umemwomba ama hujamwomba? Andika neno moja.

Watu wameshaambiwa. Nyasi ya kuezeka imekatwa. Ndugu yangu Obonyo alikuja jana akakaa, akakunywa chai yote, halafu akasema kama huyo wa Kisumu ni ngumu kupatikana, Fabian pia ni kijana, Fabian pia ako na mikono. Nilimwambia aache hiyo maneno. Hakuacha. Unajua mdogo akishika shoka ya mkubwa, wewe hutajenga hapo tena mbele yake. Utakuwa unapita kwa dala ya baba yako kama mgeni. Mimi sitaki kuona hiyo.

Baba yako

Oluoch ni mimi Adongo, naandika hapa chini kabla sijafunga. Baba hataki uambiwe. Miguu yake imefura, anavaa kiatu ya Fabian kwa maana yake haiingii. Usiku anakohoa anatoka nje ndio Mama asisikie, na sisi wote tunasikia. Kuja tu, wee kaka. Mdomo ni yako si ya kukodisha.

*

Kisumu, 9 Januari 2025

Baba,

Sijamwomba.

Ulisema neno moja, ndio hiyo. Lakini sikiza vile ilikuwa. Jumatatu nilienda mpaka mlango ya ofisi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, nikibonyeza nayasema, nikibonyeza nayasema. Nikafika. Navneet akainua kichwa, akasema, Eeh, Oluoch, mashine iko sawa? Nikasema iko sawa. Akangoja. Nikasema iko sawa kabisa. Nikarudi.

Jumanne nilienda tena, alikuwa na simu. Jana nilienda, alikuwa na wale watu wa samaki, wameketi wote wanaangalia mstari wetu mpya, na mmoja akanyooshea kidole mahali stima ilipotea kabla yake akasema hapo ni nini. Navneet aliniangalia. Nikakimbia kubonyeza.

Leo nitajaribu. Kama hunioni Jumamosi alfajiri, basi

Wafula ameita. Anaondoka.

O.

*

Pap Onditi, 2 Februari 2025

Oluoch,

Tuko sawa.

Sikuandika mapema kwa sababu sikuwa na cha kuandika. Siku ilipita. Watu walikuja na miti na nyasi, mama yako alipika, wakangoja. Jua ikatoka. Mimi nilikuwa nimeshika jogoo. Nikawaambia wakule waende nyumbani, nina homa, sitaweza leo. Walinipa pole. Obonyo alinishika kichwa, akasema sina joto, nikamwambia homa yangu iko ndani.

Ile nyasi mbuzi wanakula kidogo kidogo.

Nimeweka siku ingine, Jumamosi tarehe nane Machi. Baada ya hapo ni mvua na hakuna mtu anafungua dala kwa matope, na padri ameanza kuuliza kwa upole tutatoka lini. Ijumaa jioni wazee watakaa na mimi na shoka itapeanwa, ndio asubuhi tusisumbuke. Kama mkono yako haiko hapo Ijumaa, itakuwa mkono ya Fabian. Hiyo si maneno ya Obonyo. Ni yangu.

Fabian mwenyewe hataki. Analia kwa sababu hiyo na amemea ndevu. Lakini nikimwambia atashika.

Dishon

*

Kisumu, 16 Februari 2025

Baba,

Nilikaa na barua yako siku mingi. Pole kwa hiyo homa.

Nimemwomba. Nilienda nikasimama kwa mlango, na kabla aulize mashine nikasema nataka kwenda nyumbani tarehe saba Machi. Sauti ilitoka kubwa kuliko vile nilitaka. Hata Debra, ule dada wa ofisi, aliacha kuandika. Navneet akauliza kuna mazishi? Nikasema hapana, kuna shoka. Ilibidi nielezee, na unajua mimi na kuelezea. Nilisema jogoo, nikasema moto, nikaona Debra amefunika mdomo. Yeye pia ni wa huku huku, alikuwa anajua kila kitu, lakini hakunisaidia hata neno moja. Alikuwa ananifurahia tu vile natoka jasho.

Navneet akageuza kompyuta, akahesabu. Akasema, hii mstari ilianza tarehe tano mwezi huu, baada ya ile ya Januari kukatika. Ikienda sawa itaisha Ijumaa hiyo hiyo ya saba, asubuhi. Akasema, ikifika mwisho wewe enda, hata wiki nzima, nitakupea barafu ubebe ya soda ya wageni. Nikamuuliza, na ikikatika? Aliuma kalamu.

Kwa hivyo Baba, sasa mimi na yeye tunaomba kitu moja. Stima isipotee. Byron asiombe na macho imefungwa. Nimemnunulia kahawa. Jenereta nimeisafisha plagi mimi mwenyewe, inashika mara moja.

Lakini kitu moja inanikasirisha hata nikilala. Hizo geji ni ndogo, unaweza kubeba kwa mfuko. Zimejengwa na watu wenye akili. Na hakuna hata mmoja alifikiria kuna mtu atataka zikae macho. Nilimuuliza Navneet kama hakuna mahali ya kuziambia zisilale. Akasema ametafuta, amesoma kitabu yake yote, haiko. Nilifurahi kidogo kujua yeye pia anaumia. Halafu nikaenda kubonyeza.

Ijumaa ya saba, Baba. Nitakuja.

Mwambie Adongo asante kwa ile alisema. Anajua.

Oluoch

*

Pap Onditi, 23 Februari 2025

Wuoda,

Tumepokea. Mama yako alimwambia Adongo asome tena hapo kwa shoka, akacheka mpaka akakaa chini. Ni kitambo hajacheka.

Mimi ni mzima. Adongo amesema alikuandikia juu ya miguu, nimemgombeza. Miguu ni miguu.

Sitaandika mingi. Nyasi nimeomba ingine kwa majirani. Mahali penyewe ni pazuri, ukisimama unaona ziwa yote, na iko mbali nayo vile inafaa. Mlango nimepanga iangalie chini, simba yako, ile nyumba ya kijana, itakaa upande wa kushoto wa geti. Nimeweka jiwe hapo ndio mtu asifunge mbuzi.

Baba yako,
Dishon

*

Kisumu, 7 Machi 2025

Baba,

Naandika kwa goti. Wafula amewasha lori, amesema atanipea dakika kidogo. Nimemwomba aje kwako kwanza kabla kwa wavuvi. Simu ya Adongo ndio mko nayo huko, nimejaribu, imezimwa. Lori haibebi abiria, mwenye gari alikataza na kuna askari wa barabara Ahero, kwa hivyo barua inakuja mbele na mimi nakuja nyuma kwa matatu. Kama hii imekufikia na wazee wameshaketi, waambie wangoje. Usimpe Fabian shoka.

Mstari umekatika.

Ilikuwa imebaki saa chache tu. Navneet alikuwa amevaa shati nyeupe ya kupokea wale watu. Mimi nilikuwa nimepanga nguo yangu kwa mfuko, iko hapa kwa mlango. Debra aliingia na simu yake iko na chaji asilimia mbili, akaona waya kwa ukuta, akachomoa moja akaweka ya simu. Ilikuwa ya kompyuta. Ikazima hapo hapo. Geji zilikuwa zinawaka vizuri kabisa, presha sawa, baridi sawa, na hakuna kitu inaziandika.

Debra alirudisha haraka lakini kompyuta ilikataa kuwaka. Akaanza kulia, akaniambia Oluoch sema ni stima. Navneet aliingia akaona. Hakuuliza ni nani. Aliketi chini kwa sakafu na hiyo shati nyeupe, mgongo kwa mashine, akakaa hivyo. Halafu akasimama akachukua kompyuta kwa mkono, akasema anapeleka kwa fundi, anajua fundi wa haraka.

Akaniambia, "Oluoch, usitoke. Nikirudi tunaanza upya."

Nikasema, "Mimi naenda nyumbani."

"Tulisema mstari ukiisha."

"Tulisema Ijumaa."

Akasema Ijumaa na mstari ilikuwa kitu moja. Nikasema kwangu ilikuwa vitu mbili. Akaangalia Debra, Debra akaangalia chini. Akasema atanipa ruhusa mwezi ujao, anaapa, na ile kazi ya kudumu pia, ataandika leo leo. Nikasema mwezi ujao ni mvua. Akasema, kwa sauti ya chini, kama anaomba kweli, "Baba yako hawezi kungoja?"

Nikamwambia, "Amengoja."

Alitoka. Akiwa kwa gari alifungua dirisha akasema tutaongea nikirudi. Sijui kama kazi itakuwa hapa Jumatatu. Sitaki uniulize hiyo nikifika, na mimi sitakuuliza ya miguu.

Nimempigia Byron. Ameacha wateja wake, anakuja kuangalia mashine, kwa sababu gesi haiwezi kuachwa peke yake, hiyo inaweza kuua watu. Si kubonyeza. Hakuna ya kubonyeza sasa. Geji ziko hapa mbele yangu, zimejizima zote mbili.

Namwona Byron anaingia getini na helmeti. Wafula anapiga honi. Navneet bado hajarudi, na fundi mwenyewe ni wa haraka. Naondoka sasa Baba, kabla kompyuta haijafika. Ikiwashwa mstari utaanza, na mstari ukianza hapa mtu hatoki.

Oluoch